Bitana ya kasha la bunduki imeliwa na nondo: je, niibandue yote?

"Baba mkwe alipofariki tuliachiwa bunduki yake ya kuwindia ndege, ya mitutu miwili, pamoja na kasha lake la mbao lililovalishwa ngozi kwa nje. Bunduki imeshahamishiwa jina langu kisheria na iko salama. Shida ni kasha. Ndani kuna kitambaa cha kijani kilicholiwa na nondo, kwenye mfuniko kimebanduka na kuning'inia, na sakafuni kuna doa kubwa jeusi la mafuta. Linanuka uvundo. Katikati ya mfuniko kuna karatasi yenye jina la mtengenezaji na anwani ya London, imeanza kunyanyuka pembeni. Nimeshanunua mahameli nyekundu, sponji ya sentimita moja ya kuweka chini yake ili bunduki ilale pazuri, na gundi ya viatu, maana nataka ishike isibanduke tena. Nia yangu ni kutoa kila kitu nianze upya. Nianzie wapi? Na nikimaliza, naweza kuirudisha bunduki humo ikae?"

Ndugu yangu, poleni kwa msiba, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kubandua. Niseme mapema ili usinilaumu baadaye: katika vitu vitatu ulivyonunua hakuna hata kimoja ambacho ningekitia ndani ya kasha hilo. Mahameli shoneeni mito, gundi irudi kwenye viatu. Na hilo wazo la kutoa kila kitu liweke kando kwanza, kwa sababu kwa maelezo yako sioni kasha lililokufa. Naona mfuniko ulioachia gundi, sakafu iliyolowa mafuta, na kuta zenye matundu. Hayo ni matatizo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Nikikuelewa vizuri, unataka bunduki ya mzee ilale pasipoikwaruza, na kazi uifanye mara moja iishe. Ni haki yako. Kinachokupoteza ni kudhani kwamba bitana ikiwa laini zaidi na ikashikwa kwa gundi kali zaidi, ndivyo itakavyoilinda bunduki zaidi. Bitana ya kasha si godoro. Bunduki ya aina hiyo haiwekwi nzima. Inafunguliwa, mitutu inalala kwenye nafasi yake, kitako na mtambo kwenye nafasi yao, na vigawanyo vya mbao vinavizuia visigongane. Kinachoishika isicheze ni vipimo vya seremala aliyelitengeneza kasha. Kitambaa kazi yake ni moja tu, kuzuia chuma na mbao iliyonakshiwa visisuguane na mbao tupu.

Kwa hiyo unene wa kitambaa ni jambo kubwa kuliko rangi yake au ulaini wake. Chukua nafasi ya mitutu. Kitambaa kiko ukuta wa kushoto na wa kulia. Kama kilichotoka kilikuwa na unene wa milimita 1 na unachoweka kina milimita 2, nafasi imebanwa kwa milimita 2. Ukisema ni kidogo, jua kwamba mafundi wa zamani waliacha upenyo mwembamba sana, na hizo milimita 2 zinatosha kuifanya mitutu iliyokuwa ikiingia yenyewe sasa iingie kwa kusukumwa. Sasa weka sponji ya milimita 10 sakafuni. Bunduki imenyanyuka sentimita nzima, mfuniko unaifikia kabla haujafunga, na wewe unaukandamiza kidogo ili kitasa kishike. Nguvu hiyo inaishia mahali fulani: kwenye upinde unaolinda kifyatulio, kwenye shingo ya kitako ambako mbao ni nyembamba kuliko kwingine kote, au kwenye skrubu za bawaba zilizokaa ndani ya mbao kavu ya miaka mingi. Nimeona makasha ambayo bawaba ziling'oka kwa sababu hii, na mwenyewe akalaumu bawaba.

Sponji ina kosa la pili ambalo halionekani siku ya kwanza. Sponji ya kawaida ya madukani ni poliyurethani, aina ya plastiki, na hiyo huoza polepole kwa hewa na unyevu. Miaka inavyopita hupoteza unyumbufu, hugeuka chengachenga zinazonata, kisha unga. Chenga hizo hupenya kitambaa na kujibandika kwenye chuma. Kabla hata haijafika huko, inakuwa imehifadhi unyevu chini ya mitutu mahali ambapo hewa haipiti. Sina neno la kuitetea.

Mahameli si kosa kubwa hivyo. Yalitumika tangu zamani, hasa kwenye makasha ya bastola na ya zawadi. Ila nyuzi zake zilizosimama hulala zikibanwa na kuacha alama ya kudumu, hushika mchanga, na hunasa kwenye shanga ya kulengea na kwenye michoro ya kitako. Mengi ya siku hizi ni nailoni au poliesta. Kilichomo kwenye kasha lako, kwa kadiri ya maelezo yako, ni sufu iliyofumwa kisha ikasuguliwa uso uwe na manyoya mafupi, jamii ya kitambaa cha meza ya biliadi. Hicho ndicho cha kutafuta: sufu tupu, au sufu nyingi yenye nailoni kidogo, unene wa milimita 1 hadi 1.5. Usichukue felti ya kazi za mikono. Felti haikufumwa, imeshindiliwa tu, kwa hiyo ukiivuta kwenye kona hutanuka bila mpangilio, hutoboka, na baada ya muda hujikunja vijipira mahali chuma kinapogusa.

Gundi nitaikalia zaidi, maana hapa ndipo watu wengi huharibu kitu kisichorekebishika.

Fundi wa zamani alitumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ile inayopashwa moto, au uji mzito wa unga wa ngano. Unaona bitana imebanduka ukasema gundi ilikuwa dhaifu. Mimi naona gundi iliyoshika kwa miaka mingi kisha ikaachia bila kung'oa mbao wala kuchana kitambaa. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Gundi ya wanyama huyeyuka tena kwa maji na joto. Atakayefuata baada yako ataweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, atasubiri, atanyanyua. Gundi ya viatu haitampa nafasi hiyo, na wewe mwenyewe haitakupa nafasi ya kusogeza kitambaa kikishagusa. Tena nyingi zina mpira wa kloroprini, ambao ukizeeka hutoa mvuke wenye asidi ya kloridi. Ndani ya kasha lililofungwa, pamoja na chuma, huo ni ugonjwa wa kutu uliojinunulia mwenyewe. Sijataja mvuke wake wakati wa kupaka, unaoshika moto na kulevya.

Gundi nyeupe ya maseremala je? Watu wataniuliza, maana iko kila mahali. Inashika vizuri, haishiki moto, na inafaa kwa kasha la kawaida lisilo na thamani ya kihistoria. Lakini ikiwa nyepesi hupenya sufu na kutokea juu kama baka gumu linalong'aa ambalo halitoki tena, na ikiwa inakauka hutoa asidi ya siki kwa muda. Ukiitumia, ipake nyembamba juu ya mbao, kamwe usiipake kwenye kitambaa, kisha uliache kasha wazi wiki kadhaa. Uji wa unga nao una aibu yake: mahali penye unyevu mwingi ni chakula cha ukungu na wadudu. Nikipima yote, kwa kasha lako ningetumia gundi ya wanyama kwa kitambaa na uji mwepesi kwa ile karatasi na matundu madogo tu.

Na karatasi hiyo ndiyo ninayotaka uiangalie kabla ya kitu kingine chochote. Pengine ndiyo kitu chenye thamani kuliko vyote ndani ya kasha ukiacha bunduki. Watengenezaji walihama mitaa na kubadilisha majina, kwa hiyo anwani huonyesha umri. Karatasi yenye jina la Holland & Holland haiwezi kuwa ya kabla ya 1876, kwa sababu biashara iliyoanzishwa na Harris Holland mwaka 1835 ilianza kuitwa hivyo mwaka huo. Purdey walitoka Oxford Street na kuhamia South Audley Street mwanzoni mwa miaka ya 1880, hivyo anwani peke yake inatenganisha zama mbili. Kuna tahadhari hapa: karatasi za kuiga zipo sokoni, na makasha na bunduki vilibadilishana wenyewe mara nyingi, basi usikimbilie kutangaza umri wa bunduki kwa kusoma mfuniko. Lakini karatasi ya asili juu ya kitambaa cha asili ni ushahidi, na kuibandua ili uibandike juu ya mahameli mekundu ni kuubatilisha ushahidi huo. Wanunuzi wenye ujuzi huligundua mara moja, na bitana mpya inayong'aa huwatia shaka badala ya kuwavutia.

Ndiyo maana sikupi jibu moja la "bandua" au "acha". Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuokoa kilichopo: kusafisha, kubandika upya kilichoachia, kuziba matundu. Ya pili ni kubadilisha sehemu iliyokufa tu. Ya tatu ni kuanza upya kabisa, ambayo ninaikubali pale kitambaa kinapokatika ukikigusa, pale ukungu umekula hadi mbao, au pale mtu wa kabla yako alishatia bitana ya ovyo na hakuna cha asili kilichobaki. Kwa hali uliyoeleza mimi ningechagua ya pili: mfuniko ubandikwe upya na kitambaa chake chenyewe, kuta zizibwe viraka, sakafu ipate kitambaa kipya. Kasha litaonekana limezeeka. Liacheni lionekane hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Bunduki itolewe chumbani kabisa, ithibitishwe haina risasi, ifungiwe inapotakiwa kufungiwa kisheria. Usifanye kazi hii na silaha mezani.

Vumbi lililomo si vumbi la kawaida. Kasha lililobeba bunduki kwa miongo kadhaa lina mabaki ya baruti na ya madini ya risasi, na inawezekana kabisa mtu alilinyunyizia dawa za wadudu za zamani ambazo leo zimepigwa marufuku. Kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi laini na glavu, fanya kazi nje au penye hewa, mbali na jikoni na watoto. Usipigepige kitambaa, usitumie brashi kavu. Kama una mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha chembe laini, funika mdomo wake kwa kipande cha wavu na uisogeze polepole. Kama huna, kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa sana kinatosha kwenye mbao na kingo. Nawa mikono kabla ya kula chochote.

Nondo wenyewe pengine walishaondoka, lakini usibahatishe. Anayekula sufu ni kiwavi, si nondo anayeruka, na hupenda zaidi mahali penye giza, pasipoguswa, penye jasho au mafuta. Angalia kwenye kona na chini ya vigawanyo kama kuna utando mweupe au vijiganda vya viwavi. Vigawanyo na vipande vya kitambaa vinavyotoka, vitie kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, uufunge, uuweke kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukiutoa usiufungue mpaka upate joto la chumba, vinginevyo umande utalowesha kila kitu. Kasha zima lenye ngozi usiligandishe mwenyewe. Naftalini msiweke humo. Harufu yake huingia kwenye sufu na ngozi na haitoki, na haifai kuvutwa na binadamu.

Kuhusu uvundo, weka kasha wazi kivulini, penye hewa inayopita, siku kadhaa. Jua kali linakaribishwa na wengi kwa sababu linaua ukungu, lakini litakausha ngozi ipasuke na kuipinda mbao ya mfuniko.

Kabla hujagusa kitambaa, piga picha kila pembe, kisha andika namba kwa penseli chini ya kila kigawanyo na mahali pake. Vigawanyo vingi vimeshikwa kwa gundi na misumari myembamba isiyoonekana, kwa hiyo usivinyofoe kwa bisibisi. Pitisha kisu chembamba kisicho na makali chini yake. Kama hakitembei, weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwenye kiungo kwa dakika chache ujaribu tena. Kwanza lakini jaribu rangi: gusa mahali pasipoonekana kwa pamba nyeupe yenye unyevu. Pamba ikitoka kijani, rangi inachuja, na maji yatumike kwa kiasi kidogo sana. Kwenye sakafu, kitambaa kilicholowa mafuta hutoka chenyewe. Kitoe kikiwa kizima kadiri uwezavyo, maana ndicho kielelezo chako cha kukatia, na kisha ukitie kwenye bahasha pamoja na picha. Usikitupe.

Doa la mafuta limeingia kwenye mbao, na ukibandika kitambaa kipya juu yake litapanda tena. Nyunyizia unga wa chaki juu ya doa, acha siku nzima, fagia kwa kitambaa chenye unyevu, rudia mpaka unga usibadilike rangi. Halafu paka koti moja au mawili membamba ya shelaki, ile vanishi ya asili inayoyeyushwa kwa spiriti, uache ikauke kabisa. Shelaki inazuia mafuta yaliyobaki yasipande, na gundi inaikubali.

Kwa sakafu kuna njia ninayoipenda kuliko kubandika moja kwa moja. Kata kadibodi ngumu isiyo na asidi, ile wanayotumia wanaotia picha kwenye fremu, kwa kila nafasi iliyo kati ya vigawanyo, ndogo kwa milimita 1 hadi 1.5 kila upande ili kitambaa kipate mahali. Ivalishe sufu, kunja kingo nyuma sentimita 1.5, bandika kwa nyuma tu. Kisha ichomeke mahali pake bila gundi. Inakaa kwa kubanwa. Ikichafuka miaka ijayo, inanyanyuliwa na nyingine inawekwa, na mbao ya kasha haikuguswa. Ubaya wake ni unene: kadibodi ya milimita 1 na sufu ya milimita 1 ni milimita 2 mahali palipokuwa na moja. Kwa hiyo pima kwanza. Nitakupa mbinu ya kupimia, na ni hapa tu bunduki inarudi mezani, ikiwa imethibitishwa tena haina risasi: funga bunduki iliyofunguliwa kwenye plastiki nyembamba, ilaze kwenye kasha lenye sakafu mpya ambayo haijabandikwa, weka vijidonge vya udongo laini wa kuchezea watoto sehemu zilizoinuka, teremsha mfuniko taratibu mpaka ukae bila kulazimishwa, kisha ufungue. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi uliyonayo. Udongo ukikandamizwa mpaka ukawa karatasi, au mfuniko ukikataa kukaa, achana na kadibodi na ubandike sufu juu ya mbao.

Kabla ya kukata sufu, ipitishie pasi ya mvuke kwa nyuma, ijikunje yote inayotaka kujikunja sasa, si baada ya kubandikwa. Halafu pitisha kiganja juu yake: upande mmoja manyoya yanalala, upande mwingine yanasimama. Chora mishale ya chaki nyuma ili vipande vyote vielekee upande mmoja. Usipofanya hivyo utakuwa na kijani mbili ndani ya kasha moja na hutajua kwa nini.

Gundi ya wanyama huloweshwa kwenye maji baridi mpaka ivimbe, kisha hupashwa ndani ya chombo kinachoelea kwenye maji ya moto, nyuzi joto 50 hadi 60. Ikichemka inapoteza nguvu. Paka mbao, nyembamba, subiri mpaka kidole kikigusa kinate bila kulowa, ndipo ulaze sufu kavu juu yake ukianzia katikati kwenda pembeni kwa kiganja. Usivute. Sufu iliyovutwa wakati wa kubandikwa itarudi kwenye urefu wake na kuacha kona tupu. Kwenye mfuniko wako ambako kitambaa cha zamani kinaning'inia, fanya sehemu ndogo ndogo, ukianzia mahali ambapo bado kimeshika, na uweke karatasi inayonyonya na uzito mwepesi juu yake usiku kucha. Karatasi ya mtengenezaji usiinyanyue yote. Ingiza uji mwepesi wa ngano chini ya pembe iliyoachia kwa ncha ya brashi ndogo, laza, funika kwa karatasi isiyonata, weka kitabu juu. Usiisugue, usiipake vanishi, na usitumie utepe wa gundi hata kwa saa moja.

Matundu ya nondo kwenye kuta yanazibwa kwa nyuma pale kitambaa kinapoweza kunyanyuliwa, kwa kipande cha sufu cha rangi inayokaribiana. Pasipowezekana, chukua manyoya ya sufu uliyoyakwangua kwenye vipande vilivyobaki, uyatie kwenye tone la uji na kuyakandamiza ndani ya tundu. Si kazi ya kujivunia, lakini macho hayasimami hapo tena.

Ukishamaliza, acha mfuniko wazi si chini ya wiki mbili. Na kama una shaka na kitambaa au gundi yoyote, kuna jaribio la kufanya hata kabla ya kuanza. Mwaka 1973 Andrew Oddy wa British Museum alitengeneza utaratibu wa kupima kama kitambaa au mbao ya kabati la maonyesho itadhuru vitu vya chuma: vipande vya madini hufungiwa kwenye chupa pamoja na kitu kinachopimwa na maji kidogo, na kuwekwa kwenye nyuzi joto 60 kwa siku 28. Nyumbani fanya kwa wepesi zaidi. Chupa mbili za glasi zenye vifuniko. Ndani ya kila moja tia msumari uliosuguliwa kwa msasa ukang'aa na kifuniko kidogo cha maji kisichogusa msumari. Katika moja ongeza kipande cha sufu yako kilichobandikwa kwa gundi yako, nyingine iache bila kitu. Ziweke mahali pa joto mwezi mmoja. Msumari wa chupa yenye sufu ukiwa na kutu kuliko mwenzake, umepata jibu bila kuipoteza bunduki.

Hapo nafika kwenye swali lako la mwisho, na jibu ni hapana. Kasha hilo ni la kusafiria. Hata bitana yake ikirudi mpya kabisa, bunduki isikae humo. Sufu hunyonya unyevu mpaka karibu theluthi ya uzito wake bila wewe kuhisi imelowa, na huushikilia kwenye ngozi ya chuma kila inapogusana nacho. Makasha mengi ya Uingereza ya aina hiyo ni ya mwaloni, na mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki miaka na miaka. Ongeza chumvi ya vidole iliyobaki kwenye mitutu, na hewa isiyotembea. Kutu ya namna hiyo huanza kwa upande wa chini, usiouona, na siku unapofungua inakuwa imeshachimba. Kupaka mafuta mengi hakusaidii, sufu inayanyonya yote, na sakafu yako ni shahidi. Tena kasha lenye kitasa kidogo cha shaba halihesabiwi kuwa hifadhi salama ya silaha. Bunduki ikae kwenye kabati la chuma linalokubalika kisheria, unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 60 hivi, na kasha likae kando likiwa tupu, limeegeshwa bila kufungwa kabisa. Kama umesafiri nalo, toa bunduki siku hiyohiyo, ipanguse, acha kasha wazi usiku huo.

Kuna mambo ambayo hayahitaji barua yangu bali mtu wa kulishika kasha kwa mikono yake. Ukiona sakafu imechongwa kwa umbo kamili la bunduki, kila kifaa na shimo lake, usianze. Kutia bitana kwenye mashimo hayo ni ufundi wa pekee na kosa moja huonekana milele. Vilevile jina lililo kwenye karatasi likiwa la kampuni kubwa ya bunduki, mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale au mthamini wa silaha kabla ya kugusa kitambaa. Ukungu ulioenea hadi kwenye mbao, vitundu vya wadudu vinavyotoa unga mpya, au fremu inayocheza kwenye viungo ni kazi ya seremala anayejua samani za kale. Ngozi ya nje ikiacha unga mwekundu mkononi usiilishe mafuta. Itakuwa nyeusi na kulainika vibaya, nayo inahitaji mtu wa ngozi. Na bunduki yenyewe, kama ina umri wa kasha lake, ikaguliwe na fundi wa silaha mwenye leseni kabla mtu yeyote hajaipigia risasi, hasa mitutu ikiwa na michirizi ya kujipinda kwenye chuma chake, maana mingi ya aina hiyo ilitengenezwa zama za baruti nyeusi, si kwa ajili ya risasi za leo.

Kwa wiki hii fanya mawili tu: toa bunduki humo, na upige picha ya karatasi ya mfunikoni ikiwa mahali pake, kwa mwanga wa pembeni, pamoja na kitambaa kinachoizunguka. Picha hiyo ndiyo mthamini atakayoiomba kwanza.